Kuisoma nepi ya mtoto mchanga anayenyonya: mwongozo kwa mzazi wa mara ya kwanza

Simu yangu ina picha nyingi za nepi kuliko za harusi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Langoni, Lamu, na hazipiti siku mbili bila kutumiwa moja, aghalabu saa nane za usiku, na chini yake maneno matatu: "Mama, hii vipi?" Maswali ni yale yale. Choo cha kijani. Choo kila akinyonya. Siku tano hana choo. Anajikamua mpaka uso unaiva. Nimeona bora niyajibu mahali pamoja, na mimi nipate kulala.

Haya ni ya mtoto aliyezaliwa miezi yake imetimia, anayenyonya ziwa la mama peke yake, tangu siku ya kwanza hadi miezi mitatu hivi. Mtoto njiti, au anayepewa maziwa ya kopo, ana hesabu nyingine. Huyo mfuate na wauguzi waliomzalisha mama yake.

Jambo moja nilitangulize, hata kama mabibi watanuna. Katika nyumba nilizoingia, mara nyingi kilichomsumbua mtoto si maziwa ya mamake. Ni dawa aliyopewa kwa nepi ambayo haikuwa na ugonjwa. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kutazama, na chache ni za kufanya.

Vitu vya kuwa navyo karibu

- Nepi za kitambaa cha pamba, nyeupe, dazeni moja au mbili. Za maua ni nzuri kwa wageni lakini zinaficha rangi. Ukitumia daipa, weka kipande cha pamba au kitambaa cheupe ndani yake siku za mwanzo.
- Daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ndiyo, kwa uzi. Kalamu katika nyumba yenye mzazi hutembea.
- Kipimajoto cha kwapani.
- Karatasi nyeupe, kwa ajili ya picha.
- Mafuta mazito ya kupaka matakoni, yasiyo na manukato.
- Kopo lenye kifuniko kinachobana.
- Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, mahali ambapo hata baba anapajua.
- Namba mbili za simu: ya muuguzi au mhudumu wa mtaa wako, na ya mwenye boti ambaye hupokea simu usiku. Nauli iwekwe kando kabla hujajifungua.

Hatua ya 1: Ipeleke nepi kwenye mwanga

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene na vyumba vya ndani vina giza mchana kutwa. Chini ya balbu ya manjano, choo cha kawaida huonekana cha kahawia. Chini ya tochi ya simu, manjano hugeuka kijani. Nimeshapigiwa simu ya "choo cheusi", nikafika mbio, nikaichukua nepi ile ile nikaenda nayo kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba usio na paa, penye jua: manjano tupu.

Kwa hivyo toka nayo kiwandani au darini. Ikiwa ni usiku na lazima upige picha, itandaze juu ya karatasi nyeupe, piga picha bila kuhariri rangi, na uiweke nepi hadi asubuhi uitazame tena. Ikiwa unachokiona ni kimoja kati ya vilivyomo katika hatua ya 8, usingoje asubuhi.

Hatua ya 2: Hesabu mikojo kabla ya choo

Kila mtu hutazama choo. Mimi huuliza mkojo kwanza, kwa sababu mkojo ndio unaosema kama maziwa yanaingia.

Hesabu ni rahisi kukumbuka kwa siku nne za mwanzo, idadi hufuata siku: siku ya kwanza nepi moja ya mkojo, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne. Kuanzia siku ya tano au ya sita, zisipungue sita kwa saa 24, nzito, na mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu.

Daipa huficha mkojo, hasa kwa mzazi mgeni. Ili mkono wako ujifunze, chukua daipa kavu, mimina vijiko vitatu vya mezani vya maji, uishike. Huo ndio uzito wa mkojo wa kutosha. Halafu shika kavu nyingine upate tofauti. Na ukiona chembechembe laini zinazong'aa kama vipande vya jeli kwenye ngozi ya mtoto, usishtuke: ni daipa yenyewe imepasuka ndani.

Sasa lile doa. Siku tatu za mwanzo waweza kuona kwenye nepi unga wa rangi ya machungwa yenye uwaridi, kama ganda la kamba aliyechemshwa. Si damu. Ni chumvi za mkojo mzito, na siku ya pili au ya tatu si ajabu. Siku ya tano likiwa bado lipo, maziwa hayamtoshi.

Hili nililijua kwa kuonywa. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katikati ya kaskazi, joto la kukaushia samaki ndani ya nyumba. Jamaa mmoja aliyekuja kuniangalia akaona mtoto analia, akamwonea huruma ya kiu, akawa anampa maji ya sukari kwa kijiko kila nikisinzia. Tumbo likajaa maji, ziwa akalikataa, na mimi kifua kikawa kigumu kama jiwe la manga. Siku ya tano doa la kamba lilikuwa kwenye kila nepi. Nilidhani mwanangu anakojoa damu. Muuguzi aliitazama nepi, akamtazama mtoto, akaniuliza swali moja tu: "Mbali na ziwa, anapewa nini?" Sikujua. Nilipouliza nyumbani ndipo nikajua. Kijiko kilifichwa, ziwa likarudishwa, na kesho yake jioni doa halikuwapo.

Joto la kaskazi halibadilishi kitu. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Mtoto akiwa na kiu, mnyonyeshe. Mwenye kuhitaji gilasi ya maji ni wewe.

Hatua ya 3: Linganisha choo na siku za mtoto

*Siku ya 1 na 2.* Choo cheusi cha kijani-giza, kizito, kinanata kama lami iliyoachwa juani, na hakina harufu. Alikuwa nacho tangu tumboni. Mpake mafuta matakoni mapema, usije ukamsugua ngozi kwa kukibandua. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, ndiyo yanayokisukuma kitoke. Bado nakutana na wanaoyakamua wakayamwaga eti ni machafu. Usimwage hata tone. Siku ya kwanza tumbo la mtoto hutosheka na kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo.

Watoto wengi huitoa lami hii ndani ya saa 24. Saa 24 zikipita kavu, mpeleke akaangaliwe. Zikifika 48, hakuna cha kujadili, hasa tumbo likiwa limevimba.

*Siku ya 3 na 4.* Lami inachanganyika na maziwa: kijani cha kahawia, chepesi zaidi.

*Kuanzia siku ya 5.* Manjano ya binzari, majimaji, na ndani yake chembe nyeupe ndogo kama ufuta. Harufu yake ni kama ya maziwa lala, si kali. Hiki ndicho choo kinachoitwa "kuhara" na kila mgeni anayekuja kutoa pongezi. Si kuhara. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo tarajia mara tatu au zaidi kwa siku, kila kimoja kisiwe kidogo kuliko sarafu ya shilingi 20. Vitone vidogo hatuvihesabu. Wako wanaokwenda kila wakinyonya, mara nane, mara kumi. Sawa.

*Baada ya wiki 6.* Mambo hugeuka ghafla. Yule wa mara nane anakaa siku tatu, siku tano, hata wiki nzima na zaidi bila choo. Akiwa ananyonya vizuri, anakojoa, tumbo laini, anaongezeka uzito, na choo kikija ni laini, huyo hana ugonjwa. Maziwa ya mama yanamezwa na mwili karibu yote. Jiandae tu kwa siku kitakapotoka. Usimvishe nguo ya sikukuu.

Lakini usichanganye umri. Wiki moja bila choo kwa mtoto wa miezi miwili ni jambo moja. Siku mbili bila choo kwa mtoto wa siku kumi ni jambo lingine. Wa siku kumi huenda hashibi. Apimwe uzito.

Hatua ya 4: Iache nepi, umtazame mtoto

Nepi peke yake hudanganya. Mtazame: akiamka anatafuta ziwa? Anameza, unamsikia? Baada ya kunyonya mikono inalegea? Tumbo kati ya minyonyo ni laini? Ngozi na weupe wa macho vina manjano?

Kisha uzito. Siku za mwanzo mtoto hupungua, na si zaidi ya asilimia 10. Ikifika hapo aangaliwe anavyonyonya. Uzito wa kuzaliwa hurudi kati ya siku ya 10 na ya 14. Baada ya hapo huongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Mtoto anayepanda hivyo, nepi yake ikiwa na rangi yoyote kati ya manjano, kijani na kahawia, mimi hulala usingizi.

Hatua ya 5: Tengeneza unyonyaji kabla ya kutafuta dawa

Matumbo mengi yanayosumbua hutengenezwa hapa.

1. Kaa mgongo umeegemea. Mlaze mtoto tumbo lake likabili tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Akiwa amegeuza shingo kama anayechungulia dirishani, hawezi kumeza vizuri. Wewe jaribu kunywa maji umegeuka nyuma uone.
2. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa juu. Ngoja. Ngoja mpaka kinywa kifunguke wazi kama anayepiga miayo.
3. Mlete mtoto kwenye ziwa, si ziwa kwa mtoto. Kidevu kizame kwenye ziwa, mdomo wa chini upinduke nje, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Kuuma kidogo mwanzoni huisha. Ukiendelea kukunja vidole vya miguu kwa maumivu, ameshika vibaya: tia kidole safi pembeni ya mdomo, mwachishe, muanze upya.
4. Mwache amalize ziwa moja mpaka aliachilie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Usimtoe kwa saa.
5. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku ukiwemo.
6. Akimaliza, mweke wima begani umpapase mgongo dakika chache apige mbweu. Asipopiga, basi. Wengine hawana hewa ya kutoa.

Kosa ninaloliona zaidi ni hilo la nne. Mama hubadilisha ziwa kila dakika tano ili "yote mawili yatoke". Maziwa ya mwanzo wa mnyonyo ni mepesi, yana mafuta machache. Mtoto akijazwa hayo tu kila mara, sukari yake hupita utumbo mbio, na unapata nepi ya kijani yenye povu kama la bahari ya kusi, upepo tumboni na matako mekundu. Dawa yake ni kumwacha amalize ziwa. Mama mwenye maziwa mengi yanayomruka mtoto usoni, akamue kidogo kwanza, au anyonyeshe akiwa ameegemea nyuma mtoto awe juu.

Hatua ya 6: Saidia tumbo kwa mikono

Mtoto wa wiki tatu anajikunja, anaguna, anaiva kama pilipili, analia dakika kumi au hata ishirini, halafu kinatoka choo laini kama uji. Hajafunga choo. Bado hajajua kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja. Ni ufundi, atauweza mwenyewe baada ya wiki chache. Kazi yako ni kumkalia karibu.

Unaweza kumkunja magoti taratibu kuelekea tumboni, kama anayeendesha baiskeli. Unaweza kumkanda tumbo kwa kiganja chenye mafuta ya nazi vuguvugu, ukizunguka kufuata mishale ya saa, si mara tu baada ya kunyonya. Bibi zetu wa kukanda wana mikono mizuri. Waombe tu wasibonyeze.

Kilio cha magharibi ni bahari nyingine. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hupamba moto kwenye wiki ya sita, na hupungua miezi mitatu au minne. Mtoto mzima, anayenyonya na kukua, analia kwa muda wa saa tatu, jioni baada ya jioni. Wazee husema ni zongo au mashetani wa magharibi, na mimi sigombani na mtu akisoma aya zake na kumpulizia mtoto dua. Ila moshi wa ubani usiwe chumbani mwa mtoto. Mbebe kifua kwa kifua, tembea naye ukumbini, mpokezane na baba. Ukiona hasira inakupanda, mlaze mahali salama, funga mlango, kanywe maji. Usimtikise kamwe. Kumtikisa mtoto huvujisha damu ubongoni.

Hatua ya 7: Usitie kitu mbele wala nyuma

Mbele, yaani kinywani, hakuna kinachoingia kwa miezi sita isipokuwa maziwa ya mama na dawa au chanjo iliyotolewa kliniki.

Maji, chai ya tangawizi, maji ya mvuje, habasoda, gripu wota: kila kijiko cha hivyo kimechukua nafasi ya maziwa, na maji ya kisima au jabia yana vijidudu vyake. Mvuje mkitaka, fungeni kwenye kitambaa mtundike mbali na pua yake, usiingie tumboni.

Asali ni marufuku mpaka atimize mwaka, hata ya kulamba kidoleni, hata ile safi mliyoletewa kutoka bara. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kukizuia, na sumu yake hulegeza viungo hadi pumzi. Dalili ya mwanzo, kwa bahati mbaya, ni kufunga choo, na watu huongeza asali.

Najua nyumba nyingi humfanyia mtoto tahniki, ile sunna ya kumwonjesha mtoto mchanga kitu kitamu. Iwe ni tende iliyolainishwa, mguso mdogo tu kwenye kaakaa, kwa mkono uliooshwa kwa sabuni, mara moja. Kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, anywe mama.

Nyuma nako: hakuna kipande cha sabuni, hakuna bua la mchicha, hakuna ncha ya kipimajoto. Unamjeruhi, na unamfundisha kungoja kusaidiwa. Na kwa mtoto anayetapika, asikudanganye mtu kukata kimeo. Kimeo hakitapishi mtoto, na nyembe ile humwaga damu na kupitisha maradhi.

Hatua ya 8: Yajue yasiyongoja maji kujaa

Wa Pate, Siyu na Faza mnajua mkondo wa Mkanda, njia yetu ya boti, ulivyo maji yakiwa yametoka. Kwa haya yafuatayo, piga simu sasa, mpange boti sasa, mchana au usiku:

- Matapishi ya kijani kama maji ya mchicha. Si nepi ya kijani, hiyo tumeshaizungumza, ni matapishi. Yaweza kuwa utumbo umejisokota, na saa zinahesabika.
- Choo cheupe, cha kijivu au rangi ya chokaa, hasa mtoto akiwa na manjano machoni na mkojo unaotia nepi rangi ya chai. Hapa nyongo haifiki utumboni. Kuna hali inayotaka upasuaji, na hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Huyu hatapiki, halii sana, ananyonya, anacheka. Ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu hakuna anayemkimbiza. Kwa huyu peke yake boti ya asubuhi inatosha, lakini iwe ya kesho asubuhi, si ya mwezi ujao. Manjano iliyopita siku 14, mpeleke hata kama choo kina rangi. Kumwanika juani si matibabu.
- Damu: nyekundu zaidi ya uzi mmoja, au choo kilichorudi kuwa cheusi kama lami baada ya kuwa kimeshageuka manjano. Aliyezaliwa nyumbani na hakuchomwa sindano ya vitamini K, hata damu kidogo ni dharura.
- Tumbo lililovimba na gumu, linang'aa, na mtoto hataki ziwa.
- Kutapika kwa kuruka, maziwa yakifika mbali, kila baada ya mnyonyo, na mtoto ana njaa papo hapo. Huonekana zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 8.
- Joto la kwapani nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, amelegea, anastuka-stuka, utosi umebonyea, muda wa saa nane hakuna mkojo.

Mlioko mjini Lamu, hospitali ya King Fahd iko kisiwani hapa hapa. Punda, bodaboda, mikononi, vyovyote vile.

Ukikwama

*Choo ni cha kijani na mtoto anacheka.* Rudi hatua ya 5. Kisiporekebika na mtoto anapanda uzito, kiache. Kijani mara moja moja hakina maana yoyote.

*Nimeona uzi wa damu.* Tazama chuchu zako kwanza. Zikiwa zimepasuka, huenda ameimeza damu yako. Kisha tazama ukingo wa tundu la nyuma: mchaniko mdogo hutoa uzi mwekundu juu ya choo. Ikijirudia, pamoja na makamasi na vipele vya ngozi, huenda mwili wake hautaki protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwako. Nenda kliniki kwanza, usijikatie chai ya maziwa kwa kubahatisha.

*Mtoto wa kike ana damu mbele, wiki ya kwanza.* Ni homoni zako zinamtoka. Tone moja mbili, siku mbili tatu, basi. Na ute mweupe pia ni hivyo hivyo.

*Kila akinyonya anacheua.* Maziwa yanachuruzika mdomoni, yeye hana habari. Ni kazi ya kufua, si ugonjwa. Mweke wima dakika 20 hadi 30. Mlaze chali kila anapolala, hata anayecheua.

*Nitajuaje kuhara kwa kweli?* Kwa mabadiliko. Choo kinakuwa maji matupu, mara nyingi kuliko kawaida *yake*, kinanuka, kina makamasi, na mtoto amebadilika. Endelea kumnyonyesha zaidi, umpeleke. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti na vidonge vya zinki atakupimia muuguzi. Mtoto mchanga hapimiwi kwa kukisia.

*Choo kimekuwa vidonge kama vya mbuzi.* Kwa mtoto anayenyonya tu hilo ni nadra mno. Uliza nyumbani anapewa nini, bila kugombana, kisha akaangaliwe.

*Mama mkwe amenikataza maharagwe, kabeji na pweza.* Upepo wa tumbo lako hauingii kwenye maziwa. Kula. Uji wa pilipili manga na supu ya samaki pia, kwa sababu ni vitamu na unahitaji nguvu.

*Matako mekundu.* Osha kwa maji, kausha kwa kupapasa, yaache wazi apigwe upepo, paka mafuta mazito. Kama unafulia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoki vizuri kwenye kitambaa: suuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, anika juani. Wekundu mkali wenye vipele vidogo pembeni vilivyojitenga, na utando mweupe mdomoni usiofutika, ni fangasi. Mtatibiwa wawili, wewe na mtoto.

*Amechanjwa wiki ya 6 na choo kimelainika.* Kati ya chanjo za siku hiyo kuna matone ya kinywani ya kukinga rota, kirusi kinachoharisha watoto, yaliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2014. Siku moja mbili za choo chepesi si neno. Ila virusi dhaifu vya chanjo hutoka kwenye choo, kwa hivyo nawa mikono kwa sabuni kila ukibadilisha nepi.

*Ni usiku, tuko kisiwani, na sijui kama ni dharura.* Piga simu. Muuguzi atakuuliza manne: umri wa mtoto kwa siku, mikojo ya saa 24, mara ya mwisho kunyonya, na rangi. Daftari liwe mkononi. Mkiambiwa mje, mnyonyeshe njiani ndani ya boti, umfunike na leso mbili asipigwe na rasharasha. Nepi yenyewe usiifue: itie kwenye lile kopo, bana kifuniko, mje nayo.